Shilingi kwa kichwa: afya ya watoto katika shule za kazi za Uingereza, karne ya 19

Mwaka 1883 kamati ya wanasayansi wa Uingereza, ambayo Francis Galton alikuwa mmoja wa vinara wake, ilikamilisha kazi ya miaka kadhaa ya kupima urefu na uzito wa wakazi wa nchi ile. Ndani ya majedwali yake mna ulinganisho mmoja unaouma. Mvulana wa miaka 14 wa shule za kulipia, walikosoma watoto wa wenye nacho, alimzidi mwenzake wa umri uleule wa shule za kazi (mabweni walikopelekwa watoto wa maskini kwa amri ya hakimu) kwa zaidi ya inchi 6, yaani kama sentimita 17. Kwa uzito alimzidi karibu pauni 25, kilo 11 hivi. Hao ni watoto wa nchi moja, tena nchi iliyokuwa tajiri kuliko zote wakati huo.

Ukisoma takwimu hiyo, wazo la kwanza ni kwamba shule zile ziliwadumaza watoto. Wasimamizi wake walikuwa na jibu tayari: tumewapokea wakiwa wamekwisha kudumaa, njaa ya mtaani imetutangulia. Kila upande una haki yake, na ndiyo maana suala hili linachanganya. Kuna ripoti za wakaguzi zinazosifu watoto walionona na mabweni yaliyopigwa chokaa, na kuna ushahidi wa mahakamani unaotia kichefuchefu, wakati mwingine kuhusu shule ileile. Msimamo wangu niuseme mapema. Ukitaka kujua kwa nini mtoto wa shule ya kazi aliumwa, fimbo ya mwalimu iweke kando kwanza, ufungue daftari la mahesabu.

Shule zipi hasa?

Mkanganyiko wa kwanza ni wa aina za shule. Katika karne ya 19 walau mifumo mitatu iliishi jirani, na watu wa wakati huo wenyewe waliichanganya.

Wa kwanza ni shule za kurekebisha tabia, zilizopewa nguvu ya kisheria mwaka 1854. Hizi zilipokea watoto waliotiwa hatiani, na kwa miaka mingi mtoto alilazimika kukaa jela kwanza siku kadhaa ndipo apelekwe huko. Sharti hilo liliondolewa kabisa mwaka 1899. Wa pili ni shule za kazi zilizoidhinishwa na serikali: Uskoti mwaka 1854, Uingereza mwaka 1857, kisha zikaunganishwa chini ya sheria moja ya mwaka 1866. Hizi ndizo kiini cha makala haya. Mtoto hakuhitaji kufanya kosa. Sheria ya 1866 ilimruhusu hakimu kumpeleka mtoto wa chini ya miaka 14 aliyekutwa akiombaomba, au akizurura bila makazi, au yatima asiye na msaada, au ambaye mzazi wake aliyebaki yuko gerezani, au anayeandamana na wezi. Mzazi aliyeshindwa kumdhibiti mwanawe naye aliweza kuomba achukuliwe. Akishaingia, angeweza kuzuiliwa hadi afikishe miaka 16.

Mfumo wa tatu ni shule za mafukara, zilizoendeshwa na bodi za kusimamia maskini kwa ajili ya watoto waliotoka kwenye nyumba za mafukara, yaani taasisi za umma walikohifadhiwa maskini wasiojiweza. Nyingi kati yake nazo ziliitwa shule za kazi, kama ile ya Swinton karibu na Manchester na ile ya Kirkdale huko Liverpool. Kisheria zilikuwa kitu kingine kabisa: wizara tofauti, wakaguzi tofauti, fedha za mfuko tofauti. Kwa mtoto aliyelala humo tofauti haikuwa kubwa hivyo. Kitanda kilikuwa kilekile, uji uleule, na chawa hawaulizi sheria ya mwaka gani. Kwa hiyo nitavuka mpaka huo mara kadhaa, nikisema ninapouvuka.

Kwanza chakula

Shule hizi zilipoanza zilikuwa na akili kuliko zilivyokuja kuwa. Mwaka 1841, katika mji wa Aberdeen, hakimu William Watson alichoka kuwafunga watoto walewale kila mwezi kwa kosa la kuomba na kudokoa. Akaanzisha shule ambayo kivutio chake kilikuwa sufuria. Mtoto alipata milo mitatu kwa siku, saa nne za masomo na saa tano za kazi za mikono kama kufuma nyavu. Hakulazimishwa kuja, lakini asiyekuja hakuli. Jioni alirudi kulala kwao, kwa mama au bibi, hata kama kwao ni chumba kimoja chenye unyevu.

Mfano wa Watson ulisambaa. Thomas Guthrie aliupigia debe Edinburgh kuanzia 1847, na Mary Carpenter wa Bristol akawashawishi wabunge kwamba kuna watoto wanaoangamia na kuna watoto wa hatari, na kwamba makundi hayo mawili yasitiwe jela pamoja na watu wazima. Carpenter alikuwa na nia safi na alijua watoto kuliko mbunge yeyote. Lakini wazo hilo lilipoingia bungeni na kutoka likiwa sheria, kitu kimoja kilibadilika: mtoto aliacha kurudi nyumbani. Shule ya sufuria ikawa shule ya bweni lenye komeo. Na bweni, kiafya, ni habari nyingine kabisa. Mtoto anayekula shuleni na kulala kwao anapata faida ya mlo bila hasara ya msongamano wa usiku. Ukimfungia pamoja na wenzake mia mbili, unamlisha yeye na vijidudu vyake vyote.

Fedha ilivyotembea

Shule nyingi zilizoidhinishwa hazikuwa za serikali. Ziliendeshwa na kamati za wahisani, makanisa, mashirika ya watawa, baadaye na bodi za elimu za miji. Hazina ililipa ruzuku ya wiki kwa kila kichwa. Serikali za mitaa ziliongeza chochote. Mzazi naye aliamriwa na mahakama kuchangia, kiwango cha juu kikiwa shilingi 5 kwa wiki, ingawa kupata hata senti kwa mtu aliyekosa chakula cha mtoto ilikuwa kazi ya kukamua jiwe. Pengo lililobaki lilizibwa na sadaka na kwa jasho la watoto wenyewe.

Sasa tazama hesabu hiyo inavyofanya kazi. Jengo lina gharama zisizopungua: paa, makaa ya mawe, mshahara wa msimamizi na matroni. Kitanda kikiwa kitupu, ruzuku haiji. Kwa hiyo meneja ana kila sababu ya kujaza vitanda, kumshikilia mtoto hadi siku ya mwisho inayoruhusiwa, na kuchelewa kumwachia aliye hodari wa kazi, maana huyo ndiye anayeingiza fedha. Gharama pekee inayoweza kupunguzwa kwa urahisi wiki hadi wiki ni chakula, nguo na kuni. Meneja hahitaji kuwa mtu mbaya. Mtu mwema mwenye deni la makaa atafika palepale, polepole zaidi.

Mapema kabisa Uingereza ilikuwa imeona hesabu hii ikifika mwisho wake. Huko Tooting, kusini mwa London, mtu mmoja aitwaye Drouet alipokea watoto wa mafukara kutoka parokia za jiji kwa shilingi 4 na peni 6 kwa wiki kila mmoja, na mapato ya kazi zao yakawa yake. Mwishoni mwa 1848 alikuwa na watoto wapatao 1,400. Wavulana walilala watatu hadi wanne kitanda kimoja. Kipindupindu kilipobisha hodi hakikupata kizuizi, na katika majuma machache watoto kama 180 walikufa. Drouet alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Aliachiwa, kwa kuwa haikuweza kuthibitishwa kwamba mtoto yule aliyetajwa kwenye shtaka angepona kipindupindu kama angelishwa na kulazwa vizuri. Kwa mantiki ya sheria hukumu ile ilikuwa na mashiko. Kwa mtu mwenye akili ya kawaida, ni kama kumwachia huru aliyemfunga mtu mikono akamtupa mtoni, kwa hoja kwamba labda hakujua kuogelea.

Macho na vichwa

Baada ya Tooting kila mtu aliogopa kipindupindu. Lakini ugonjwa uliotawala maisha ya watoto hawa kwa nusu karne iliyofuata haukuua. Ulikuwa ugonjwa wa macho.

Chukua shule kubwa ya mafukara ya Hanwell, magharibi ya London. Asubuhi watoto wanapelekwa kunawa kwa makundi. Maji yako kwenye beseni au birika refu, na anayenawa wa mwisho ananawa mabaki ya waliotangulia. Kisha wanajifuta kwa taulo moja iliyotundikwa ukutani. Mmoja akiwa na macho yanayotoa usaha, kufikia mwisho wa wiki wako wengi, na kufikia mwisho wa mwezi sakafu nzima ya jengo imetengwa. Kope huvimba, ndani yake huota vipele vidogo kama chembe za mchanga, na mtoto hawezi kutazama mwanga. Tiba ya zama hizo ilikuwa kupindua kope na kuzisugua kwa jiwe la mrututu. Iliunguza. Ilirudiwa siku baada ya siku, na kuna watoto waliomaliza miezi, hata miaka, katika wodi za macho wakikosa masomo na ufundi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa sababu ya wao kuwa pale.

Daktari wa macho Edward Nettleship alizikagua shule za mafukara za London na kutoa ripoti yake mwaka 1874. Hakuleta dawa mpya. Alichoona ni msongamano, hewa nzito, na vifaa vya kunawia vinavyoshirikiwa. Shule zilizoweka maji yanayotiririka toka bombani badala ya beseni, na kumpa kila mtoto taulo lake, ziliona nafuu. Hapo ndipo daftari la mahesabu linaporudi: mabomba na mataulo ni fedha, na bodi nyingi zilipiga chenga kwa miaka. Ilibidi kufika mwisho wa karne ndipo London ikaanza kujenga shule maalumu za watoto wenye maradhi ya macho, mojawapo huko Swanley, iliyofunguliwa mwaka 1903.

Mapunye yalikuwa janga la pili. Charlie Chaplin, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa kofia na bakora yake, alipelekwa Hanwell mwaka 1896 akiwa na miaka 7. Aliyapata. Utu uzima wake alisimulia jinsi alivyonyolewa kichwa chote, kikapakwa ayodini, kikafungwa kitambaa, na jinsi alivyokuwa haonekani dirishani kwa kuogopa dharau ya wavulana wengine, kwa sababu wenye mapunye walitengwa na kuchekwa. Daktari anaweza kusema mapunye ni ugonjwa mdogo, na ni kweli. Lakini mtoto wa miaka 7 aliyetenganishwa na mama yake, kisha akatengwa tena ndani ya utengo huo, ana ugonjwa usioandikwa kwenye rejista.

Mwaka 1873 serikali ilimpa Jane Senior kazi ya kuchunguza hali ya wasichana katika shule hizo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kwa cheo cha namna ile katika utumishi wa umma wa Uingereza. Aliandika alichokiona: shule kubwa za mamia ya watoto zinaua uchangamfu, macho yanaumwa, na msichana anatoka humo hajui kuwasha jiko la nyumba ya kawaida kwa sababu hajawahi kuishi katika nyumba ya kawaida. Alipendekeza nyumba ndogondogo zenye mlezi, au watoto wagawiwe kwa familia. Wakaguzi wanaume wa zamani walimshambulia vikali, wakidai hajui takwimu. Baada ya miaka 20 hoja zake nyingi zilikuwa zimekubalika bila jina lake kutajwa.

Kazi yenyewe

Neno kazi katika shule hizi lilibeba ahadi: mtoto atatoka na ufundi wa mkononi, awe fundi viatu, mshonaji, seremala, baharia. Zilikuwepo shule zilizotimiza. Feltham, shule kubwa ya kaunti ya Middlesex iliyofunguliwa 1859, ilikuwa na karakana za kweli, na bendi za wavulana wa shule kama hizi zilikuwa zikilisha bendi za jeshi. Palikuwa pia na meli kuukuu za kivita zilizotiwa nanga zikageuzwa shule, kama Mars huko Dundee na Wellesley kwenye mto Tyne, ambako wavulana walifunzwa ubaharia huku wakilala kwenye machela ndani ya unyevu wa mto.

Lakini kufundisha ufundi kunagharimu. Fundi viatu anayejifunza anaharibu ngozi kwa mwaka mzima kabla ya kushona jozi moja ya kuuzwa. Kupasua kuni na kufunga matita, kugundisha masanduku ya kiberiti na mifuko ya karatasi, kuchambua kamba kuukuu za meli ili kupata nyuzi, kuchambua manyoya ya kujazia magodoro: hizi hazihitaji mafunzo, na zinaanza kulipa wiki ya kwanza. Kwa hiyo shule zenye njaa ya fedha zilizipenda. Ni kazi za vumbi, za kukaa umepinda mgongo, na hakuna mtu mzima aliyewahi kujipatia riziki ya maana kwa kuzijua. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Godfrey Lushington, iliyotoa ripoti mwaka 1896, ilizilaumu waziwazi, na ikataka mtoto asome na kufunzwa kwanza badala ya kuwa kibarua.

Wasichana walikuwa na udobi. Shule ya wasichana iliyoweza kupata mikataba ya kufulia nyumba za matajiri ilikuwa imepona kifedha. Humo ndani ni mvuke, sakafu iliyolowa, magunia ya mashuka yaliyolowana ambayo mtu mzima angeyalalamikia, na pasi zinazotoka jikoni. Unatoka kwenye joto hilo unaingia kwenye bweni lisilo na moto wakati wa baridi. Na hapa pana jambo linalonikera kuliko mengine: sheria ya viwanda ya 1895 ilipoanza kudhibiti saa za kazi za madobi ya biashara, madobi ya taasisi za dini na za hisani yaliachwa nje. Yaliguswa mwaka 1907. Kwa miaka 12 sheria ilimlinda mwanamke aliyelipwa mshahara ikamwacha msichana asiyelipwa.

Chakula kilikuwa mkate, uji wa oti au kakao, supu ya njegere, viazi, nyama mara chache kwa wiki, maandazi mazito ya mafuta ya ng'ombe. Kwa tumbo kilijaza. Maziwa na mboga mbichi ndivyo vilivyopungua. Mtoto anayekua huku akipasua kuni nusu siku anahitaji zaidi ya kushiba.

Kisa cha St Paul's

Mwaka 1881 shule ya kazi ya St Paul's, mashariki mwa London, iliingia magazetini. Bodi ya elimu ya London ilikuwa ikiwapeleka wavulana huko. Wajumbe wawili wanawake wa bodi hiyo, Elizabeth Surr na Helen Taylor, walileta madai mazito: watoto wana njaa, wamevaa matambara wakati wa baridi, wanafungwa pingu na kufungiwa peke yao. Aliyekuwa akiisimamia shule, Thomas Scrutton, ndiye huyohuyo mwenyekiti wa kamati ya bodi iliyohusika na shule za kazi. Kwa maneno mengine, aliyetuma watoto, aliyewapokea na aliyepaswa kukagua walikuwa wakikaa kiti kimoja.

Wizara ya Mambo ya Ndani ilifanya uchunguzi na shule ikaamriwa ifungwe. Ungedhani hadithi imeishia hapo. Scrutton alimshtaki Taylor kwa kumchafulia jina, kwa sababu alikuwa amemshutumu yeye binafsi. Mwezi Juni 1882, siku ya nne ya kesi, utetezi wa Taylor ulikwama na akakubali kumlipa pauni 1,000. Jaji Hawkins alikiri kwamba Taylor alisukumwa na moyo wa kutumikia umma, si chuki. Hivyo shule ilikutwa na hatia kiasi cha kufungwa, na mtu aliyeifichua akalipa fidia ya kutajirisha mtu. Ukiwa mwalimu msaidizi au mpishi wa shule nyingine kama ile, ukasoma gazeti la wiki hiyo, utafungua mdomo?

Kwa kawaida wakaguzi walikuwa wachache, na sheria ilidai ziara moja kwa mwaka. Mkaguzi wa kwanza, Sydney Turner, alizunguka nchi nzima tangu 1857 hadi katikati ya miaka ya 1870. Aliandika kwa uangalifu, lakini shule inayojua mgeni yuko njiani inafagia.

Kwa nini vifo vilionekana vichache

Watetezi wa shule hizi walipenda kutaja idadi ndogo ya vifo. Kuna mambo mawili ya kujua kabla ya kuzikubali takwimu hizo. Meneja hakulazimishwa kumpokea mtoto yeyote. Mahakama ilituma, yeye aliweza kukataa, na shule nyingi zilitaka kwanza uthibitisho wa daktari kwamba mtoto ni mzima. Meli za mafunzo ndizo zilizochagua zaidi. Kwa hiyo mgonjwa alibaki mtaani au kwenye nyumba ya mafukara na kifo chake kikahesabiwa huko. Halafu, mtoto aliyedhoofika akiwa ndani aliweza kuachiwa kwa amri ya waziri, naye akafia nyumbani.

Tena, kilichofuatiliwa baada ya mtoto kutoka hakikuwa afya. Ripoti za kila mwaka ziligawa wahitimu katika mafungu: wanaoendelea vizuri, wenye mashaka, waliohukumiwa tena, wasiojulikana waliko. Kama hajakamatwa, amefaulu. Mapafu yake hayakuwa na safu kwenye jedwali.

Vifo vilivyotikisa watu vilikuja kwa mkupuo. Usiku wa kuamkia mwaka 1890, moto ulizuka katika shule ya mafukara ya Forest Gate, London, na wavulana 26 wakafa, wengi kwa kukosa hewa ndani ya moshi. Mkasa kama huo ulileta maswali bungeni. Mtoto mmojammoja aliyekohoa hadi akaisha hakuleta swali.

Je, wangepona mtaani?

Haki itendeke. Mtoto wa miaka 8 aliyelala chini ya mkokoteni wa soko la Glasgow mwezi Januari hakuwa na uhuru wa kutamanika. Kwa wengi, shule ya kazi ilikuwa mara ya kwanza kuvaa viatu, kulala kitandani, kula kila siku. Wapo walioongezeka uzito miezi ya mwanzo na wapo waliozikumbuka shule zao kwa shukrani. Watoto wale walikuwa wafupi kabla ya kuingia. Hilo lazima tuwape wasimamizi.

Lakini njia ya tatu ilikuwepo, na ndiyo inayoondoa udhuru. Sheria ya elimu ya 1876 iliruhusu shule za kazi za kutwa, karibu sawa na ile ya Watson: mtoto anakula, anasoma, anafanya kazi, jioni anakwenda kwao. Liverpool na Glasgow zilizitumia. Zilikuwa nafuu kwa gharama na hazikuhitaji wodi ya macho. Hata hivyo zilibaki chache mbele ya zile za bweni, kwa sababu lengo la wengi waliotunga sera halikuwa kumlisha mtoto tu. Lilikuwa kumtoa mikononi mwa wazazi wake. Mwaka 1891 sheria iliwapa mameneja uwezo wa kumpangia mtoto kazi, hata kumpeleka ng'ambo akikubali mwenyewe na waziri akiridhia, bila kumngoja mzazi.

Hesabu ile ile, nchi nyingine

Sheria ya Ayalandi ilipitishwa 1868, na huko shule nyingi ziliangukia mikononi mwa mashirika ya watawa, kubwa kuliko zote ikiwa Artane ya Dublin, iliyofunguliwa 1870. Tume ya nchi hiyo kuhusu unyanyasaji wa watoto katika taasisi, iliyotoa ripoti yake mwaka 2009, ilichunguza hasa karne ya 20, lakini malipo kwa kichwa iliyoyakuta yalikuwa mjukuu halali wa mfumo huo.

Kanada ilifika mbali zaidi. Kuanzia 1883 serikali yake ilifungua shule za kazi magharibi mwa nchi kwa ajili ya watoto wa watu wa asili, ikiyakabidhi makanisa uendeshaji. Mwaka 1892 ikaingiza ruzuku ya kichwa. Makanisa yalijaza vitanda, wakiwemo watoto waliokuwa tayari na kifua kikuu, maana mtoto mgonjwa naye ni kichwa. Madirisha yalizibwa wakati wa baridi ili kuokoa kuni. Daktari mkuu wa idara husika, Peter Bryce, alitoa ripoti mwaka 1907: katika shule 15 zilizompa taarifa, kati ya wanafunzi 1,537 waliopita humo, karibu asilimia 24 walikuwa wamekufa. Alitaka hewa, chakula, na wauguzi. Aliambiwa ni ghali. Baada ya kustaafu, alichapisha mwaka 1922 kijitabu na kuliita jambo hilo jinai ya taifa.

Afrika Mashariki tulirithi sheria badala ya majengo. Kenya ilikuwa na shule ya kurekebisha tabia Kabete tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Shule zilizoidhinishwa, aina mpya ambayo Uingereza iliunda mwaka 1933 kwa kuunganisha mifumo yake miwili ya zamani, zilihamia katika sheria za makoloni. Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya, ni ya ukoo huohuo.

Ruzuku ya kichwa yenyewe ilikufa kwa zamu. Uingereza iliiacha baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali kuu ikaanza kubeba nusu ya gharama halisi. Kanada iliifuta mwaka 1957. Ayalandi iliendelea kulipa kwa kichwa hadi mwaka 1984.